Nukta Iliyopotea: Picha, Chapa na Hati za Mashairi Yetu

Katika hati ya Kiarabu, ambayo kwayo mashairi ya pwani hii yaliandikwa kwa karne kadhaa kabla hatujazoea herufi za Kilatini, nukta si pambo. Ziondoe nukta, na be, te, the, nuni na ye, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, zote hubaki kijino kimoja tu. Msomaji na alichukue neno nini. Kisha alichukue neno tini, ambalo watu wa Lamu na Pate hulitumia pale sisi wa Unguja tunaposema chini. Irabu za maneno haya mawili ni zilezile, kwa hivyo kasra haziwezi kuyatenganisha. Umbo la herufi ni lilelile. Lililobaki ni nukta: moja juu ya kijino cha kwanza, nasi twasoma nini, mbili juu yake, nasi twasoma tini. Tukizishusha zikawa chini ya kijino na kuacha moja tu, tumepata bini, na mtu anayebini habari si sawa na mtu anayeuliza nini.

Nayasema haya kwa sababu ya ubeti mmoja. Familia moja ya hapa mjini, iliyohamia kutoka Lamu zamani za babu yao, ilikuwa na utenzi ulioandikwa kwa mkono katika daftari la kurasa zipatazo arubaini. Mwaka 2004 kijana wao, kwa nia njema kabisa, alizipiga picha kurasa zote kwa kamera ya dijiti aliyoiazima, kisha daftari likarejeshwa sandukuni. Mchwa wakalikuta huko. Kilichosalia ni zile picha, nami niliombwa nizisome ili utenzi upate kuchapwa. Katika ubeti mmoja, mwishoni mwa kipande cha tatu, pana neno ambalo laweza kuwa nini na laweza kuwa tini. Mizani ni ileile. Kina ni kilekile. Maana nayo yaruhusu yote mawili: ama mtunzi anauliza, ama anaelekeza jicho la msomaji ardhini, kwenye kaburi alilokwisha kulitaja katika ubeti uliotangulia. Nukta moja au mbili zingekata shauri, na mahala pa nukta hizo picha ina doa la kijivu.

Doa lile ndilo lililonipeleka kuitafuta historia ya nukta ya pili, ile ambayo kwayo picha hutengenezwa na kuchapwa. Nilidhani ningekuta jambo la mafundi wa mitambo peke yao. Nilikuta jambo ambalo waandishi wa khati walikwisha kulijua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ingawa kwa njia nyingine.

Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyewatumikia makhalifa watatu wa Bani Abbas, ndiye anayesifiwa kwa kuiwekea khati ya Kiarabu vipimo. Kipimo chake kilikuwa nukta. Kalamu ya unyasi ikikatwa ncha kwa mshazari na kugandamizwa karatasini mara moja, huacha alama ya pembe nne iliyosimama juu ya pembe yake. Alama hiyo aliifanya ndiyo rula. Urefu wa alifu ulihesabiwa kwa nukta kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu hiyo. Maana yake ni kwamba ukubwa wa maandishi haukuhesabiwa kwa kipimo cha nje, kama shubiri au inchi, bali kwa upana wa ncha ya kalamu yenyewe. Kalamu nene ilitoa alifu ndefu, kalamu nyembamba ilitoa alifu fupi, na uwiano ukabaki uleule. Alikatwa mkono wa kulia kwa fitina za siasa, akafa kifungoni mwaka 940. Lakini kanuni yake ilimshinda aliyemkata. Na kanuni hiyo yasema jambo ambalo wengi wetu hatujalielewa hadi leo tunapopeleka picha matbaani: idadi ya nukta ni jambo moja, na ukubwa wa karatasi ni jambo la pili.

Picha za mwanzo za kamera hazikuwa na nukta za namna hiyo. Picha ya dirishani aliyoipiga Nicéphore Niépce nchini Ufaransa mwaka 1826 au 1827, na zile za Louis Daguerre zilizotangazwa mwaka 1839, zilitokana na kemikali inayobadilika kwa nuru. Katika filamu na mabamba ya kioo yaliyofuata, kilichoshika sura kilikuwa chembe za fedha, ndogo mno, zilizotapakaa pasipo mpango. Ukiikuza picha kupita kiasi huzioni zikijipanga mistari, waona mchanga. Na kwa kuwa bamba la kioo lilikuwa kubwa, mara nyingine kubwa kama ukurasa wa kitabu, mchanga huo ulikuwa mwingi ajabu. Ndiyo maana picha za Unguja za karne ya 19, tangu zile alizozipiga James Augustus Grant mwaka 1860 alipopita hapa pamoja na Speke, hadi zile za studio za Gomes na Coutinho zilizofuata, bado zaweza kumshangaza mtu. Mkabidhi mtu bamba la zama hizo na kioo cha kukuzia, atakuhesabia misumari ya shaba mlangoni. Studio ya Capital Art, aliyoifungua Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930, ilirithi uwezo huo wa fedha na nuru, na watu wa hapa waliokwenda kupigwa picha za harusi hawakuwa na haja ya kuuliza picha ina nukta ngapi.

Taabu ilikuwa katika kuchapa. Mashine ya chapa haijui rangi ya kijivu. Ina wino mweusi na ina karatasi nyeupe, basi. Ama hupaka, ama haipaki. Kwa miaka mingi baada ya kamera kuvumbuliwa, magazeti yalilazimika kumwajiri mchongaji ambaye aliitazama picha na kuichora upya juu ya mti kwa mistari. Kilichofika kwa msomaji kilikuwa tafsiri ya mchongaji.

William Henry Fox Talbot, Mwingereza, ndiye aliyepata fikra mwaka 1852 ya kuweka kitambaa chenye matundu kati ya picha na bamba la chapa, ili nuru ipite ikiwa imegawanyika. Fikra hiyo ilingoja muda mrefu. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya vibanda vya mafukara wa mji huo bila kupitia mikononi mwa mchongaji, na tarehe hiyo aghalabu hutajwa kuwa mwanzo wa picha za kamera magazetini. Miaka miwili baadaye, mwaka 1882, Georg Meisenbach wa Munich alipata hataza ya njia yake. Kisha katika miaka ya 1890 ndugu wawili wa Philadelphia, Max na Louis Levy, wakawa wanatengeneza nyavu za kioo zilizochorwa mistari myembamba ya kukingamana, na kazi ikawa ya kila siku.

Siri ya njia hii yaonekana kwa macho. Chukua gazeti la zamani lenye picha, hata nakala ya Mambo Leo, lile lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923 na ambalo kurasa zake za mashairi wengi wetu twazijua kuliko habari zake, kisha limulike kwa kioo cha kukuzia. Uso wa mtu utatoweka, nawe utabaki na nukta nyeusi zilizopangwa safu kwa safu. Palipo na kivuli nukta ni nene hata zagusana. Palipo na mwanga ni ndogo kama punje za uwanga. Umbali kati ya kitovu cha nukta moja na cha nyingine haubadiliki. Kinachobadilika ni unene. Jicho, likisogea nyuma, lachanganya weusi na weupe na kujitengenezea kijivu ambacho hakimo karatasini. Hapana udanganyifu ulio mwema kuliko huo. (Na anayetaka kuichapa upya picha ya namna hiyo ajihadhari: akiipitisha kwenye skana, nukta za gazeti na nukta za skana hugombana, na juu ya uso wa babu yake hutokea mawimbi kama ya hariri iliyoloa. Huo ni ugomvi wa safu mbili za nukta, wala skana haikuharibika.)

Karatasi mbovu hunyonya wino, kwa hivyo magazeti yalitumia safu chache, kwa kawaida baina ya 65 na 85 katika kila inchi. Majarida na vitabu vya karatasi laini vilipanda hadi 133 na 150. Hapa ndipo ilipozaliwa ile namba ambayo wahariri wote huikariri kama waliyofunzwa chuoni wakiwa watoto: 300. Mafundi waliona kwamba ili kila nukta ya chapa ipate habari ya kutosha, yafaa picha itoe vipimo viwili kwa kila safu moja. Mia na hamsini mara mbili ni 300. Haikuteremka kutoka popote. Kwa gazeti la safu 85, mara mbili yake ni 170, na picha yenye nukta 170 katika inchi hutoka vizuri humo kama ile ya 300. Ziada hulala bure. Bango la ukutani, ambalo hutazamwa kwa mbali, huridhika na pungufu zaidi. Namba hufuata karatasi, na hufuata umbali wa jicho.

Wala tusichanganye nukta hizo na zile zitajwazo katika sifa za mashine za kuchapia, 1,200 au 2,400 kwa inchi. Hizo ni vitone vidogo mno ambavyo mashine huvikusanya ili kujenga nukta moja ya chapa. Gawanya 2,400 kwa 150 upate 16. Nukta moja basi ni kiwanja cha vitone 16 kwa 16, yaani 256, na kwa kuvijaza vyote au baadhi yake mashine hupata daraja zake za kijivu. Nimewahi kumsikia mtu akikataa picha nzuri ya 300 kwa sababu mashine yake ni ya 2,400. Ni sawa na kukataa maji ya mtungi kwa kuwa bahari ni kubwa.

Nukta ya kompyuta ilikuja baadaye, na ilikuja kwa mtoto mchanga. Mwaka 1957, katika ofisi ya viwango ya serikali ya Marekani, Russell Kirsch na wenzake walijenga chombo cha kuipitia picha kipande kwa kipande na kukipa kila kipande namba. Picha ya kwanza waliyoitia ilikuwa ya mwanawe Kirsch, Walden, mwenye umri wa miezi mitatu. Ilikuwa na upana wa sentimita 5 na kimo sentimita 5, ikagawanywa pikseli 176 kwa 176, jumla yake 30,976. Ukiichapa leo kwa kanuni ya 300, uso wa mtoto yule hauzidi sentimita moja na nusu. Kirsch mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka 2020, alikiri kwamba kuzifanya pikseli kuwa za mraba hakukuwa uamuzi wa busara. Lakini zimekuwa za mraba hadi leo, na ngazi zionekanazo kwenye kingo za picha dhaifu ni urithi wake.

Miaka 18 baada ya picha hiyo, mwaka 1975, mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak mjini Rochester, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo tatu na nusu, ikarekodi picha kwenye kaseti kwa sekunde 23, na picha yenyewe ilikuwa ya pikseli 100 kwa 100. Kwa kanuni ileile ya 300, upana wake karatasini haufiki sentimita moja: ukucha wa kidole cha mwisho. Kodak, iliyokula na kushiba kwa filamu, iliomba kinga ya mufilisi Januari 2012.

Kati ya kamera ya Sasson na simu zetu za leo pana kipindi cha kati, nacho ndicho kilichotuponza. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii kamera za dijiti ziliingia Visiwani kupitia Dubai na mikononi mwa jamaa waliorudi Uingereza na Maskati. Zilikuwa ndogo, na kadi zake za kuhifadhia zilikuwa ndogo zaidi na ghali. Kamera ya pikseli milioni tatu, yenye uwezo wa 2,048 kwa 1,536, ingeweza kutoa picha ya sentimita 17 kwa 13 kwa chapa nzuri. Lakini kamera hiyohiyo ilikuwa na kitufe cha kuipunguza picha hadi 640 kwa 480, ili kadi moja ichukue picha mia badala ya kumi. Nani asingechagua mia? Kijana wa daftari letu alichagua mia, na kwa kweli kurasa zake arubaini zote ziliingia.

Tuifanye hesabu, kwani hesabu hii si kavu kama inavyodhaniwa. Ukurasa wa daftari ulikuwa na urefu wa sentimita 21. Haukuijaza picha: pembeni yaonekana meza, na kikombe cha kahawa, na vidole vya anayelishika daftari lisijifunge. Ukurasa wenyewe ulipata pikseli 420 tu kati ya zile 640. Gawanya: pikseli 20 kwa sentimita, yaani 2 kwa milimita. Kalamu ya mwandishi ilikuwa ya upana wa milimita moja hivi, kwa hivyo kila nukta ya herufi ilipata pikseli mbili, na mwanya kati ya nukta mbili za te, uliokuwa wa nusu milimita, ulipata moja. Pikseli moja iliyobahatika kuangukia sawasawa mwanyani ingekuwa nyeupe. Iliyoangukia kando, nusu juu ya wino na nusu juu ya karatasi, ikawa kijivu. Ndilo lile doa. Kwa chombo kuona kitu na mwanya wake, yafaa kipate walau vipimo viwili kwa kila upana, na fundi mwenye hadhari atataka vitano au sita. Kwa pikseli 300 katika inchi, ambazo ni 12 hivi kwa milimita, mwanya ule ungepata sita, na leo tungekuwa tunabishana kuhusu jambo jingine.

Juu ya hayo kuna JPEG, mfumo wa kufinya picha uliokubaliwa mwaka 1992, ambao kamera ile iliutumia kwa kiwango kikali. Mfumo huu huikata picha vipande vya mraba vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kipande hutupa yale ambayo jicho halitarajiwi kuyakosa. Katika sura ya mtu au mawingu ya kaskazi huwezi kujua kwamba umeibiwa. Lakini katika picha yetu pikseli 8 ni milimita 4, na ndani ya milimita 4 mna herufi nzima pamoja na nukta zake. Mfumo ulipima, ukaona weusi kidogo unaobadilika kwa haraka, ukahukumu kuwa hauna maana. Kisha kila picha inapofunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa tena kwa mfumo huohuo, hukumu hutolewa upya. Picha nilizoletewa zilikuwa zimeshapita katika kompyuta tatu.

Nilipouliza kama haziwezi kuongezwa nguvu, kijana mmoja mjuzi wa kompyuta aliniambia nisiwe na wasiwasi, naye akazibadilisha zote kutoka 72 kwenda 300. Alichobadilisha ni namba iliyoandikwa katika faili. Namba hiyo ni kama anwani juu ya bahasha; humwambia mpigachapa nukta zipangwe kwa ukaribu gani, haiongezi barua iliyomo. Hiyo 72 nayo ina asili yake: kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilipewa kioo cha pikseli 72 kwa inchi ili kila pikseli ilingane na pointi moja ya wachapaji, ambayo ni sehemu ya 72 ya inchi, na namba ikabaki katika mafaili muda mrefu baada ya vioo vile kutupwa. Picha ya 640 kwa 480 ikiandikwa 72 husema ina upana wa sentimita 22 na ushei. Ikiandikwa 300 husema ina sentimita 5 na nusu. Pikseli ni zilezile 307,200. Ibn Muqla angelifahamu hili mara moja: ni alifu ileile ya nukta zilezile, imeandikwa kwa kalamu nene au nyembamba.

Njia ya pili ni kuikuza picha kwa programu ambayo hubuni pikseli mpya katikati ya zile za zamani. Zamani programu hizo zilikadiria wastani wa jirani, na matokeo yalikuwa doa kubwa badala ya doa dogo, jambo ambalo angalau ni la kweli. Za siku hizi hutumia akili mnemba. Zimefunzwa kwa mamilioni ya picha, nazo hazikubali doa. Nililipitisha neno langu katika mojawapo. Lilirudi likiwa safi, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe, na juu ya kijino palikuwa na nukta mbili nzuri. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaipitisha picha ileile baada ya kuikata mahala pengine, na nukta ikarudi moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wasemao kwamba hakuna jipya, kwani wanakili wa zamani nao walikosea na kubuni. Ni kweli walikosea. Mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu, W. E. Taylor akayaandikia maelezo, na William Hichens akayatoa kitabu mwaka 1940. Katika mikono yote hiyo hapana budi kuna palipoteleza. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa mkono uliopambika, naye alikuwa mshairi, hivyo haikosi kalamu yake ilichagua pale penye shaka. Lakini Kijuma alipochagua baina ya maneno mawili alichagua kwa kuujua utenzi, kwa kuisikia mizani, na kwa Kiamu alichozaliwa nacho. Kosa lake ni kosa la msomaji, na msomaji mwingine aweza kulifuata nyuma hadi alipoteleza. Programu haikusoma kitu. Iliweka nukta kwa sababu picha nyingi zifananazo na hiyo zilikuwa na nukta, na haikuacha alama yoyote ya kwamba nukta hiyo ni yake na si ya mwandishi.

Simu za leo zimetuondolea ule udhuru wa kadi ndogo. Simu ya kawaida yenye pikseli milioni 12 hutoa picha ya 4,000 kwa 3,000. Ukurasa wa A4 ukiijaza picha hiyo sawasawa hupata pikseli 134 kwa sentimita, yaani zaidi ya 340 kwa inchi, nayo yatosha kwa nukta za kalamu iliyo nyembamba sana. Ajabu ni kwamba tumepata uwezo huo na papo hapo tumeupoteza njiani. Picha hupigwa Pate au Wete, kisha hutumwa kwa ujumbe wa simu, na huduma za ujumbe kwa kawaida huifinya ili isafiri haraka. Upande wake mrefu ukishushwa hadi pikseli 1,600, ukurasa uleule wa A4 umebaki na 137 kwa inchi, na JPEG imepita juu yake kwa mara ya pili. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti, kwa kuwa kioo chenyewe ni kidogo. Aliyetuma huifuta ya asili ili apate nafasi. Aliyepokea hudhani ana hazina.

Jambo hilohilo hutokea kwa picha zetu za kale zilizo ugenini. Mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, uko katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani. Mtu hujichukulia nakala ndogo iliyowekwa kwa ajili ya kutazamwa tu, akaipeleka kwa mpigachapa, na Forodhani ya karne ya 19 ikatoka kitabuni kama iliyotazamwa kwa nyuma ya chandarua. Bamba la kioo lilikuwa na misumari ya mlango. Nakala ile ya kutazamwa haikuwa nayo, na mpigachapa hulaumiwa bure.

Kwa aliye na daftari la mashairi sandukuni, kazi si kubwa. Ukurasa na ulazwe karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu ishikwe juu yake ikiwa sambamba nao, na ukurasa uijaze picha bila meza wala kikombe. Simu iegemezwe juu ya vitabu viwili ili mkono usitetemeke, maana mtetemeko hula nukta kuliko mfumo wowote. Rula iwekwe pembeni, ili ajaye ajue kalamu ilikuwa na upana gani. Kisha picha ikuzwe palepale, kabla daftari halijafungwa, hadi ionekane te moja peke yake: zikionekana nukta mbili na karatasi kati yake, inatosha, isipoonekana karatasi kati yake, ipigwe tena. Faili la asili lihifadhiwe kama lilivyotoka kwenye simu, mahala pawili, wala lisipitishwe kwenye ujumbe. Na daftari libaki. Picha iliyo njema kabisa haitakwambia wino ulioandikwa juu ya mwingine, wala karatasi ilitoka wapi.

Utenzi wa ile familia sasa uko tayari kwa chapa. Mzee mmoja wao, ambaye utotoni alimsikia bibi yake akiughani, aliusikiliza ubeti ule mara tatu kwa usomaji wa nini na mara tatu kwa usomaji wa tini. Alisema sauti anaikumbuka, na kwamba bibi alikuwa akinyanyua kidole mahala hapo, lakini hakumbuki kama kidole kilikuwa cha kuuliza au cha kuonyesha. Tumekubaliana neno tini liwe katika ubeti, kwa sababu ya lile kaburi lililotangulia, na nini liwe chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Picha yenyewe tutaichapa kando, kwa upana wake wa haki wa sentimita 5 na nusu, bila kuikuza.